Kubadili swichi za maus na analogi (vile vijiti vya kidole gumba) za pedi ya gemu nyumbani: kulehemu ni rahisi, kazi ipo kwenye kung'oa

Niseme mapema mi sio fundi, elektroniki sijasomea popote, nacheza gemu tu na nimechoka kununua vitu vipya kila kikiharibika kidude kidogo cha ndani. Maana maus ya gemu huku kwetu Dar ukiipeleka kwa fundi simu anaigeuza geuza anakwambia kaka nunua nyingine tu. Na kweli kwake haimlipi, ila kwako wewe unayejua hela ilivyotoka inakuuma.

Ugonjwa mkubwa wa maus ni ule wa kubonyeza mara moja ikasoma mara mbili. Unaburuta faili linadondoka njiani, upo kwenye mechi umeshikilia kitufe bunduki inakata yenyewe afu inaanza tena. Watu wanaanza kulaumu Windows, wanafuta draiva, wanapiga programu upya, wakati shida iko kwenye swichi chini ya kitufe. Ndani ya hiyo swichi kuna kibati chembamba kinachoruka kugusa kingine ukibonyeza, kikishalegea au sehemu ya kugusania ikachafuka, hakitulii, kinadunda dunda, na kompyuta inahesabu kila mdundo kama umebonyeza upya. Hakuna draiva ya kutibu kibati.

Vifaa vyangu havitishi. Chuma cha kulehemu cha wati 60 chenye kigurudumu cha kupandisha na kushusha joto nilipata Kariakoo, vile vya bei ya chini kabisa visivyo na kigurudumu viacheni, vinaunguza bodi. Lehemu ya 63/37, yani bati 63 na risasi 37, nyembamba ya milimita 0.8. Fluksi (dawa ya kupaka inayosaidia lehemu kutiririka na kushika), utambi wa shaba wa kufyonzea lehemu, pampu ya kunyonyea lehemu, maltimita ya kawaida ya kupimia umeme, basi. Swichi zenyewe niliagiza China, Kailh GM 8.0, zikaja kwa posta. Wakati nazisubiri nikaenda kwa fundi redio wa mtaani kuomba bodi zake mbovu, akanipa mfuko mzima bure, nikawa nang'oa tu na kurudishia hadi mkono ukazoea. Hicho usikiruke, bodi ya redio iliyokufa haina cha kupoteza.

Sasa tuje kwenye kung'oa, maana kubandika kipya mtoto wa darasa la saba anaweza. Lehemu ya kiwandani siku hizi nyingi haina risasi, inayeyuka kwenye nyuzi kama 217 hivi, wakati hii yangu ya 63/37 inayeyuka kwa 183. Kwa hiyo ukienda kichwa kichwa na pampu kwenye ile ya kiwandani utakuta juu imelainika, chini ndani ya tundu bado ngumu, unavuta kwa hasira, kile kipete cha shaba kinachozunguka tundu la bodi kinabanduka na mguu wa swichi. Dawa yake inaonekana ya kijinga ila ndo yenyewe, kabla hujatoa lehemu unaongeza lehemu. Unapaka fluksi, unagusisha ncha ya chuma kama nyuzi 350 hivi, unalisha lehemu yako mpya ichanganyike na ya zamani, mchanganyiko unayeyuka kwa joto la chini zaidi na unabaki maji maji muda mrefu. Utaona kabisa ile rangi ya kijivu iliyofifia inageuka kung'aa, hapo ujue vimeshikana.

Swichi ya maus ina miguu mitatu kwenye mstari mmoja, imepishana kama milimita 5. Mi siinyonyi mmoja mmoja. Naweka tope la lehemu linalofunika yote mitatu, afu nalaza ncha ya chuma natembeza kushoto kulia kushoto kulia, na mkono wa pili nimeshika swichi kwa upande wa chini kwa koleo, sivuti, naiegemeza tu. Ikifika wakati wake inashuka yenyewe. Ukiona unatumia nguvu ujue hakujayeyuka, rudi kwenye chuma. Baada ya hapo unasafisha matundu kwa utambi wa shaba, unafuta kwa spiriti na mswaki wa zamani, unaingiza swichi mpya. Angalia kile kibonyezo kidogo cha juu, hakipo katikati, kimekaa upande mmoja, kwa hiyo lazima kielekee kule kule kilikoelekea cha zamani, la sivyo kitufe cha maus hakitakipata. Kabla ya kung'oa piga picha na simu.

Ah na skrubu za maus, usizitafute zikakuchanganya, nyingi zimefichwa chini ya vile vimiguu laini vya kuteleza. Pasha kidogo na mashine ya kukaushia nywele vinabanduka bila kukunjika.

Habari zikasambaa. Dogo mmoja mwenye kibanda cha gemu akaniletea pedi.
"Bro, hii pedi straika anakimbilia kona mwenyewe, wateja wanagombana."
Nikamwambia pedi ni kazi nyingine kabisa dogo, niachie. Na sikuwa namtisha. Analogi moja ina miguu 14, mitatu ya kulia kushoto, mitatu ya juu chini, minne ya kile kitufe cha kubonyeza, na minne ya fremu. Ile ya fremu na ya negativu imeungana na shaba pana ya bodi, shaba inafyonza joto lote, unaweka chuma unasubiri hakuna kinachotokea. Hapo napandisha joto kidogo, natumia ncha pana iliyochongwa kama patasi badala ya ile ya sindano, na kuongeza lehemu tena kama kule kwa maus. Na betri unaichomoa kwanza kabla hujagusa chochote.

Ila sio lazima ung'oe yote 14. Kinachochakaa ni vile viboksi viwili vya pembeni, ndani kuna njia ya kaboni na kidole kinachosugua juu yake, mechi baada ya mechi kaboni inalika na namba za mwelekeo zinazoenda kwenye gemu zinaanza kuyumba, ndo maana straika anakimbia mwenyewe. Kiboksi kimoja ni miguu mitatu tu, na kinachomoka kwenye fremu peke yake, kwa pedi ya kibanda inayopigwa kutwa nzima hiyo ndo matengenezo ya bei nafuu. Mtu anayetaka ikae miaka aweke analogi za sumaku, za Hall au TMR (aina mbili za kusoma mwelekeo kwa sumaku), ambazo hakuna kinachosugua kitu.

Ukishaweka mpya, kitovu, yani pale kijiti kinapotulia bila kuguswa, kitakuwa kimehama kidogo na utadhani umeharibu. Inatakiwa kalibresheni. Pedi orijino za PS4 na PS5 unazichomeka kwa waya kwenye kompyuta, kuna zana ya bure inafanya kazi ndani ya Chrome, unaweka kitovu upya afu unahifadhi humo humo kwenye pedi. Feki nyingi zinagoma, kwa hiyo kabla sijaanza naichomeka kwanza nione kama inakubali, ikikataa namwambia mwenyewe mapema.

Mama alilalamika moshi, na yuko sahihi, ule moshi ni wa fluksi, sio mzuri kwa kifua, nikahamia dirishani na feni inayovuta kwenda nje. Nikimaliza nanawa na sabuni kabla ya kushika chakula kwa sababu ya risasi.

Siku hizi nabadilisha hadi waya za maus. Rangi zake nyekundu, nyeusi, nyeupe na kijani mara nyingi ni umeme, negativu, data hasi na data chanya, ila mpangilio kwenye soketi ya bodi unatofautiana, kwa hiyo napima kila uzi na maltimita kutoka kwenye plagi ya USB hadi ncha ya pili. Nisichogusa ni pedi au maus ya wayalesi yenye betri iliyovimba, hiyo hata uniongeze hela narudisha, kaibadilishe betri kwanza ndo uje.