Breki za Nyuma za Impreza, na Kutu Iliyonitoa Jasho

Feri ya Likoni, Mombasa, maji yakiwa yamekupwa si mahali pa kubahatisha hendibreki. Mteremko unazidi kuwa mkali, na siku hiyo foleni ya kutoka ilisimama katikati ya kupanda. Nimevuta hendibreki hadi mwisho, na Subaru Impreza WRX yangu ya 2003 inarudi nyuma taratibu, kumwelekea mwenye mkokoteni wa madafu. Nikakanyaga breki, nikamwinulia mkono wa samahani. Alichonijibu sikiandiki hapa.

Kumbe breki za nyuma nilikuwa nazikwepa tu. Mwaka juzi nilibadilisha za mbele nikaweka kalipa (chuma kinachoibana diski) za pistoni nne na diski za upana wa milimita 294. Tangu hapo, kila nikishuka mteremko wa Mazeras na kubana breki, pua inainama na nyuma inakuwa nyepesi, kwa sababu huko bado kuna diski za 266, kama lilivyotoka kiwandani. Ukishika breki uzito hukimbilia mbele, kwa hiyo za nyuma kazi yake ni ndogo. Anayedhani diski kubwa za nyuma zitamsimamisha ghafla, pesa zake akanunulie tairi nzuri. Mimi nilitaka gari likae sawa tu.

Wapenzi wa Subaru wanaijua njia ya bei nafuu: diski za nyuma za milimita 290 za Subaru Legacy yenye injini ya lita 3.0, silinda sita, ile ambayo Japani iliuzwa kwa jina Lancaster 6. Kalipa zako zinabaki zile zile. Kinachobadilika ni diski na mabano yanayoshika kalipa, na kwa kuwa paipu ya mafuta haifunguliwi, hakuna kutoa hewa. Rimu zangu za inchi 16 zilipita bila shida.

Diski nilinunua mpya. Mabano nikachukua yaliyotumika, ya eksi-Japani, na hapo nikaliwa. Muuzaji aliniapia kwamba ya Legacy ni yote mamoja. Nikayaamini macho yake badala ya rula yangu. Nilipoyafunga, kalipa ilikaa ndani mno, haikuweza hata kuivuka diski. Tofauti ya 24 kwa upana ni milimita 12 kila upande, na mabano aliyonipa, ya Legacy ya silinda nne, hayana milimita hizo. Nikarudi, nikabishana, nikaongeza pesa. Safari hii nilikwenda na diski mkononi.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa kutu. Gari langu linalala Kizingo, upepo wa chumvi unalipiga usiku kucha. Diski za zamani zilikuwa zimeshikana na habu, kitovu cha gurudumu, kama zimechomelewa. Nilikuwa nimeshainua nyundo, ami mmoja fundi wa mtaani akanishika mkono.

"Mwanangu, wapiga nini? Huyaoni hayo matundu mawili?"

Matundu yenyewe ya diski yana hesi, mikato ya kukazia bolti. Unatia bolti mbili za milimita 8, unazikaza kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, na diski inajisukuma yenyewe nje. Hakikisha hendibreki umeilegeza kwanza. Mimi nilisahau, nikakaza bure robo saa nzima.

Ndani ya diski ndiko viliko viatu vya hendibreki, na hapo nikaiona siri ya Likoni: vilikuwa laini kama kioo, na nyaya zake zimekauka. Nikaweka vipya, nikasugua habu kwa brashi ya waya, nikapaka grisi nyembamba ili diski isinate tena. Kalipa nilizitundika kwa waya. Ukiziacha zining'inie kwa paipu ya mpira, utakuja kununua paipu. Bati la kukinga vumbi liligusa diski mpya, ikabidi nilikunje kwa koleo pande zote.

Alfajiri ya Jumapili nikatafuta barabara tupu, nikazizoesha pedi, zile zinazoisugua diski: kukimbia, kubana hadi karibu kusimama bila kusimama kabisa, kuachia zipoe, tena na tena. Mazeras sasa gari linateremka limekaa chini lote. Na Likoni nimepanda mara mbili maji yakiwa yamekupwa, hendibreki peke yake, mguu hewani.

Bati la kushoto bado linakwaruza nikikata kona kali. Wikendi hii nalishusha tena.