Kwa baiskeli kutoka Bukavu hadi Tshivanga
Jumamosi tuliondoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, alfajiri, tukafuata barabara ya Kavumu hadi Miti, kisha tukageuka kushoto kuelekea Tshivanga, kwenye lango la Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Ziwa Kivu, ambalo Bukavu iko kando yake, liko kwenye mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, ilhali lango hilo limepita mita 2,000, kwa hiyo mpanda baiskeli asiye na gia nyepesi atasukuma zaidi kuliko atakavyoendesha. Binafsi ninaupenda mpando huo, hasa pale migomba inapopungua na baridi ya msitu inapoanza kusikika. Matairi membamba hayafai, kwa kuwa njia ya huko ni ya udongo, nayo huteleza mno baada ya mvua. Wakati wa kurudi, breki ndizo hufanya kazi.