Madoa ya wageni kwenye mashuka

Wenzangu mnaopangisha nyumba za likizo, mashuka yanatutesa jamani. Wageni wangu wameondoka leo: foronya zimejaa poda na wanja, shuka lina damu, taulo nyeupe zina madoa ya losheni ya kukinga jua.

Damu haisumbui ukiiwahi kwa maji baridi. Ya moto huigandisha kwenye nyuzi. Vipodozi vina mafuta, kwa hiyo napaka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, nasugua taratibu kwa vidole, naacha kidogo, ndipo nafua.

Losheni ndiyo mtihani. Nyingi zina avobenzoni, kemikali ya kuzuia miale ya jua, ambayo ikikutana na madini ya chuma yaliyomo kwenye maji huacha doa la rangi ya kutu, na ukimwagia dawa ya klorini doa linakolea zaidi! Na kama doa halijatoka, nguo isiingie kwenye mashine ya kukaushia, joto litalifunga humo humo.

Kumtoza mgeni kwa doa linalofulika naona si haki. Siku hizi naweka bafuni taulo ndogo nyeusi zenye kikadi: "Za kufutia vipodozi." Wengi wanazitumia.