Fielder kunywa mafuta kupita kiasi: nilivyopata chanzo

Toyota Fielder ya 2005 yenye injini ya 1NZ-FE, hata ikiwa imepita kilomita 240,000, bado inafaa kufikisha kilomita 13 au 14 kwa lita kwenye barabara isiyo na foleni. Yangu ilikuwa imeshuka hadi 9 na kidogo. Hapa Nairobi ushauri huwa ule ule: badilisha plagi, badilisha kichujio cha hewa, mimina dawa ya injekta. Plagi zilizochakaa hula mafuta kweli. Lakini kichujio kichafu kwenye injini ya EFI, yaani inayopulizwa petroli kwa injekta zinazoongozwa na kompyuta, hupunguza nguvu zaidi ya kuongeza matumizi, kwa sababu kompyuta hupima hewa iliyoingia na kutoa petroli ya hewa hiyo tu. Ndiyo maana nilianza na vipimo kabla ya kwenda Kirinyaga Road kutafuta spea.

Jaza tanki kwenye pampu ile ile, acha inapojikata mara ya kwanza, wala usikubali mhudumu aongeze ili hesabu ya pesa iwe kamili. Tembea angalau nusu tanki, jaza tena vivyo hivyo, kisha gawanya kilomita kwa lita. Thika Road ya alfajiri niliipima peke yake na foleni ya Mombasa Road peke yake. Ukizichanganya, hujui umepima nini. Soma pia saizi ya tairi. Ukitoka 175/70R14 ukaweka 185/70R14, mzingo unaongezeka kama asilimia 2.3, na odomita inahesabu pungufu kwa kiasi hicho hicho. Gari litaonekana linakunywa zaidi, kumbe ni hesabu.

Baada ya hapo nilichomeka skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Vifaa vingi vya bei nafuu havielewani na Toyota zilizotengenezewa soko la Japani, kwa hiyo jaribu kabla ya kulipa. Taa ya injini haikuwa imewaka na hakukuwa na msimbo wowote wa hitilafu, lakini data za moja kwa moja ndizo zenye maneno. Rekebisho la mafuta la muda mrefu, lile linaloandikwa LTFT, yaani petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza kusawazisha mchanganyiko, lilikuwa asilimia 3 juu. Lisipozidi 10, iwe juu au chini ya sifuri, mchanganyiko wa hewa na petroli uko sawa, na hapo injekta na sensa ya oksijeni huziondoi kwanza.

Kilichonistua ni joto la maji. Kwenye Southern Bypass, kwa mwendo wa 80, lilishuka hadi nyuzi 62 na kukaa hapo. Mshale wa dashibodi ulikuwa chini ya katikati kidogo tu, kitu ambacho dereva hawezi kukitilia shaka.

Thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, ilikuwa imetolewa. Gari likichemka, mafundi wengi hutoa thamostati na kukurudishia ufunguo, na gari halichemki tena. Gharama yake huja kwenye petroli. Injini baridi huongeza mizunguko hata gari likiwa limesimama: yangu ilikuwa 1,200 kwa dakika, ikivuta hewa gramu 4 kwa sekunde. Gawanya kwa 14.7 upate petroli, zidisha kwa sekunde za saa nzima, ni kama gramu 980, yaani karibu lita 1.3 kwa saa ukiwa kwenye foleni bila kusogea. Injini ikiwa moto ni gramu 2.2, yaani lita 0.7 hivi. Oili nayo hubaki nzito, na gia ya otomatiki huchelewa au hukataa kufunga toki konvata, ile sehemu inayounganisha injini na gia kwa oili, kwa hiyo kuna mtelezo hata kwenye gia ya nne.

Nilinunua thamostati ya nyuzi 82 pamoja na mpira wake mpya. Ijaribu kwanza kwenye sufuria: itumbukize ikining'inia kwa uzi, pasha maji taratibu ukiwa na kipimajoto, ianze kufunguka kati ya 80 na 84. Kwa mwinuko wa Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo usiitupe kwa sababu haikufunguka hadi mwisho. Kwenye 1NZ hukaa pale bomba la chini la rejeta linapoingia kwenye injini, nyuma ya alteneta, na kile kipini chake kidogo kinachocheza lazima kielekee juu ili hewa ipite. Jaza koolanti nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, washa hita hadi mwisho, na uminye mabomba mpaka viputo viishe.

Usirudishe thamostati bila kutafuta kilichochemsha gari mwanzoni. Kwangu ilikuwa kifuniko cha rejeta: springi imelegea, haishiki presha ya 1.1 iliyoandikwa juu yake. Mahali maji yanapochemka mapema hivi, kifuniko dhaifu kinatosha kabisa kumwaga koolanti yote.

Joto liliporudi 86, Thika Road ilinipa 12. Kilomita iliyobaki ilikuwa kwenye breki. Baada ya mwendo bila kukanyaga breki sana, rimu ya mbele kushoto ilikuwa moto kuliko ya kulia; nilipoinua gari, gurudumu lilizungushwa kwa mkono likasimama papo hapo. Pini ya kalipa, kile kishikio kinachobana pedi za breki, ilikuwa imekauka na kushika kutu. Isugue mpaka ing'ae, paka grisi ya breki yenye silikoni. Grisi ya bearingi huvimbisha mpira na pini itakwama tena baada ya muda mfupi.

Sasa iko 13.2. Plagi bado ni zile zile. Nilizitoa, pengo lilikuwa sawa na ncha zilikuwa za rangi ya kahawia hafifu, nikazirudisha.