Kidole cha glavu: nilivyoifyatua kamera ya zamani chini ya maji kwa waya

Kuna chewa mmoja anayeishi kwenye pango la mwamba, kina cha kama mita nne. Kila nikizama, hata sijanyoosha mikono, ameshajirudisha gizani na kuniachia vumbi la mchanga. Nikipanda juu kuvuta pumzi, huyo anatoka. Tulichezeana hivyo msimu mzima, mpaka nikaamua: kamera ibaki chini, mimi niondoke.

Kamera yenyewe ni Nikonos V ya filamu, toleo lililoanza kuuzwa mwaka 1984. Haihitaji kasha, mwili wake unazuia maji hadi mita 50. Ila haina tundu la kuingizia waya wa kufyatulia. Kitufe chake kinataka kidole, basi. Rimoti ya redio sikuipigia hata hesabu, maana mawimbi ya redio hufa upesi mno kwenye maji ya chumvi.

Kidole cha bandia nilikipata kwenye mlango wa gari: ile mota ndogo ya volti 12 inayofunga na kufungua loki. Ukiipa umeme, fimbo yake inatoka kama sentimita mbili. Ukigeuza chanya na hasi, inarudi. Lakini haikuumbwa kuoga. Ukiifungia kwenye kopo, fimbo lazima itokeze mahali, na tundu lenye kitu kinachosogea ndani yake ni mwaliko kwa maji. Wiki mbili zilipotea nikihangaika na ringi za mpira, kila jaribio likiishia na kopo linalocheza maji.

Nilipochoka kupigana na maji, nikajaza mafuta. Mafuta ya madini, yale mepesi ya kupaka watoto, hayapitishi umeme, na mota inazunguka ndani yake bila shida, polepole kidogo tu. Yakiwa kwenye mfuko laini, shinikizo la nje na la ndani huwa sawa, kwa hiyo hakuna kinacholazimisha maji kuingia. Mfuko wa kwanza ulikuwa puto. Asubuhi nililikuta limevimba, limelegea kama kamasi. Mpira wa asili na mafuta ya madini haviivani kabisa. Nikahamia kwenye glavu ya nitrili, mpira wa kiwandani unaovumilia mafuta, ya bluu, na hapo ndipo nilipocheka peke yangu mezani. Mota niliilaza kwenye kiganja, fimbo nikaielekeza ndani ya kidole cha shahada. Fimbo ikitoka, kidole kinanyooka nayo na kubonyeza kitufe, na upande huo hakuna tundu hata moja. Penye kifundo cha mkono nilibana kwa kibanio pamoja na waya.

Waya nao ulinifundisha adabu. Nilianza na mwembamba wa milimita mraba 0.5, urefu wa mita 15. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 30 za shaba, karibu omu moja. Mota ikivuta ampea tatu wakati wa kuanza, volti tatu zimeshapotelea njiani. Fimbo ilitoka kwa uvivu na kukwama katikati. Wa milimita mraba 1.5 ulipunguza hasara hiyo hadi theluthi.

Kisha kikaja kioja. Betri na swichi vilikuwa kwenye kisanduku juu ya boya, hakijawahi kuguswa na tone la maji. Siku ya tatu nakifungua, ndani kumejaa mafuta, na kule chini glavu imesinyaa. Nilikagua kibanio mara tano, hakikuwa na kosa. Mafuta yalikuwa yanapanda ndani ya waya wenyewe, kwenye nafasi kati ya nyuzi za shaba. Bahari inaikamua glavu, na kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji, kutoka kina cha mita nne yanaweza kupanda zaidi ya nusu mita juu ya uso wa bahari. Kisanduku changu kilikaa chini ya hapo. Tiba yake ni ndogo: kabla waya haujaingia kwenye glavu, nilimenya sentimita mbili za ganda, nikazijaza nyuzi risasi ya kulehemu mpaka zikawa kitu kimoja, nikafunika kwa gundi ya epoksi. Tangu hapo kisanduku ni kikavu.

Bado ni picha moja kwa kila mzamo, kwani filamu lazima niisogeze kwa mkono. Swichi naigusa tu na kuiachia. Ukiishikilia, mota inachemka.

Lenzi ya milimita 35 haioni vizuri kitu kilicho chini ya sentimita 80 hivi kutoka kwake, kwa hiyo niliweka stendi mita moja na nusu kutoka mdomo wa pango, nikapima kwa kamba. Filamu iliposafishwa, pango lilikuwa kali kabisa, kila tundu la mwamba linahesabika. Chewa naye alikuwemo, karibu kila picha: shavu kubwa lenye ukungu, jicho moja, amekuja hadi kwenye kioo kuchungulia kidole cha bluu kinachojinyoosha chenyewe.

Glavu ya sasa ni nyeusi.