Unga chini ya kinyago: mjue mdudu kabla hujamuua

Ukiinua kinyago kwenye rafu ya stoo ya makumbusho ukakuta kichungu cha unga chini yake, usikimbilie dawa. Unga peke yake hauthibitishi kwamba mdudu yumo. Mbao iliyoliwa miaka hamsini iliyopita bado ina unga ndani ya vijia vyake, na kila inaposogezwa, au mlango unapobamizwa, humwaga kidogo. Kutibu kitu ambacho wadudu wake walishakufa ni kukitaabisha bure. Kukiacha kitu chenye wadudu hai nako ni kuwakaribisha kwenye rafu nzima. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua kama kuna uhai.

Kifungie kwanza ndani ya mfuko wa plastiki angavu, peke yake, mbali na vingine. Halafu, mezani, kisafishe kwa brashi laini mpaka unga wote uliolegea utoke, na uyatazame matundu kwa tochi inayomulika kutoka ubavuni. Tundu jipya lina kingo kali, na ndani yake mbao inang'aa kwa rangi yake halisi, kama iliyochanwa jana. Tundu la zamani limelainika kingo, limeingiwa na vumbi, nta au masizi. Piga picha zenye kipimo pembeni. Kisha kifunge kinyago kwa karatasi laini isiyo na asidi, ilale sawasawa juu ya matundu, ukiweke juu ya karatasi nyeusi ndani ya mfuko ule ule, uandike tarehe. Mbawakawa akitoka ataitoboa karatasi, na utaona tundu la duara kamili ambalo halikuwepo. Unga mpya nao utaonekana wazi juu ya weusi.

Hapa wengi hukosa subira. Buu wa mbawakawa wa samani, Anobium punctatum, hukaa ndani ya mbao kwa miaka miwili hadi mitano kabla ya kutoka. Kimya cha mwezi mmoja hakimaanishi chochote. Kama huwezi kukiweka chini ya uangalizi kwa mwaka mzima, na dalili zinatia shaka, kitibu kwa njia isiyo na sumu, nitakayoieleza mbele kidogo.

Unga wenyewe una habari. Uchukue kidogo, ukiwa na glavu, uusugue kati ya vidole. Ukiteleza laini kama unga wa ngano, huenda ni Lyctus, mbawakawa mwingine, ambaye hufuata wanga uliomo kwenye mbao changa ya nje ya miti ya majani mapana, na hagusi kiini. Ukikwaruza kama mchanga mwembamba, utazame kwa lenzi: vinyesi vya Anobium ni vitembe vidogo vilivyochongoka ncha mbili kama limau. Na kama si unga bali ni punje kavu, ndogo kuliko milimita moja, zenye pande sita, zinazobingirika kama mbegu, hao ni mchwa wa mbao kavu. Kinyago chenye mchwa hao usikibonyeze kwa kidole gumba kupima uimara wake. Juu kinaweza kuonekana kizima, kumbe kilichobaki ni ganda jembamba kama karatasi, na kidole kitazama.

Kwenye manyoya, pembe, sufu na ngozi zenye nywele wahusika ni wengine, wenye uwezo wa kumeng'enya keratini, yaani protini inayounda manyoya, nywele na pembe. Nondo wa nguo unayemuona akirukaruka hali kitu. Anayekula ni buu wake, na hupendelea hasa palipo na jasho au doa la chakula. Anthrenus, mbawakawa mdogo wa madoadoa, tabia yake ni kinyume na ya nondo: nondo hukimbia mwanga, Anthrenus mkubwa huufuata, kwa sababu akishakomaa hula chavua za maua. Ndiyo maana kingo ya dirisha ni ya kukaguliwa kila wiki. Maiti zake zikionekana pale, huenda mabuu wake wamo ndani, na watajulikana kwa maganda yao ya kahawia yenye vinywele, yaliyovuliwa na kuachwa kwenye mikunjo ya nguo. Yule mdudu wa rangi ya fedha mwenye mikia mitatu, anayekwangua karatasi na gundi ya wanga, ni tatizo la unyevu zaidi kuliko la wadudu. Kausha chumba, naye atapungua.

Kabla hujaendelea kushika chochote cha zamani, chukulia kwamba kina sumu. Kwa zaidi ya miaka mia mbili ngozi na ndege waliokaushwa walipakwa sabuni ya aseniki, iliyobuniwa na Mfaransa Jean-Baptiste Bécoeur katika karne ya 18. Mimea iliyokaushwa ilipakwa kloridi ya zebaki. Baada ya nguvu ya kemikali ya DDT dhidi ya wadudu kugunduliwa mwaka 1939, nayo ikaingia makabatini. Wakati mwingine utaona unga mweupe kwenye mishono, kwenye mashina ya manyoya au kuzunguka macho. Mara nyingi huoni kitu. Kipimo cha mkononi cha miale ya eksirei kinatambua aseniki na zebaki bila kukwangua kitu, ila DDT inahitaji maabara. Usipokuwa na kipimo, vaa glavu za nitrili, barakoa ya kuzuia chembe ndogo na koti lisilotoka nje ya chumba hicho. Usipulize vumbi kwa mdomo. Tumia mashine ya kufyonza yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa hata chembe ndogo sana, kwa nguvu ndogo, huku umefunga mdomo wake kwa wavu ili ushanga uliolegea usimezwe. Mashine ya kawaida hufyonza mbele na kutapika aseniki nyuma.

Sumu hizo ziliachwa sehemu kubwa kwa sababu ya afya za watu, lakini hata kwa vitu vyenyewe hazikuwa rafiki. Dawa ya kunyunyiza hubaki juu, wakati buu yuko sentimita mbili ndani. Vipande vya daiklovosi, dawa ya wadudu inayotoa mvuke, huchochea kutu kwenye metali. Methili bromidi, gesi ya kufukizia wadudu, humenyuka na salfa iliyomo kwenye sufu na manyoya, ikaacha uvundo usiotoka. Matumizi yake ya kawaida yalisitishwa kwa Mkataba wa Montreal, mwaka 2005 kwa nchi tajiri na 2015 kwa zinazoendelea, na sioni mhifadhi anayeililia.

Njia rahisi kuliko zote ni baridi. Vipimo viwili vinavyotumika sana ni nyuzi 30 chini ya sufuri kwa siku tatu, au nyuzi 20 chini ya sufuri kwa wiki mbili. Friza ya kawaida ya nyumbani huishia karibu na 18, tena ikijazwa haifiki hapo, hivyo usiamini namba iliyo kwenye kitufe. Ingiza kipimajoto chenye waya ndani. Funga kitu kwa karatasi laini isiyo na asidi, ambayo itapokea unyevu wowote unaohama, kisha mfuko wa polithini wenye unene wa angalau milimita 0.1. Toa hewa kwa mikono taratibu, bila kubana mpaka manyoya yavunjike, uzibe kwa joto au kwa gundi ya utepe mpana. Namba ya kitu na tarehe viandikwe nje ya mfuko: mifuko ikishashika barafu yote inafanana.

Siri ya baridi ni ghafla. Mdudu akipozwa polepole mwili wake hujiandaa, hujaza viowevu vyake vitu vya kuzuia kuganda, naye anaweza kuvuka salama. Kwa hiyo friza iwe imeshafika baridi yake kabla ya kuweka kitu, na mifuko iachiane nafasi hewa ipite. Siku zinahesabiwa tangu kiini cha kitu kifike kwenye baridi hiyo, si tangu ufunge mfuniko. Gogo nene linaweza kuchukua siku nzima na zaidi kufika. Njia ya kulijua hilo ni kutoboa kipande cha mbao chakavu chenye unene kama wa kinyago, kuchomeka waya wa kipimajoto katikati, na kukiweka kando yake. Umeme ukikatika joto likapanda, usiunganishe siku zilizopita na zinazokuja. Anza hesabu upya.

Ukikitoa, mfuko usifunguliwe kwa saa 24, na kwa vitu vinene saa 48. Umande utashuka, lakini utashuka juu ya plastiki. Anayefungua mapema ili "kuangalia kidogo" analowesha ngozi baridi kwa maji yanayotoka hewani, na siku chache baadaye anauliza ukungu umetoka wapi. Katika muda huo pia usikigonge, maana kitu kilichoganda hupasuka kirahisi.

Watu huogopa kwamba maji yaliyomo kwenye mbao yataganda na kuipasua. Mbao iliyokaa kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 50 au 60 ina maji kama asilimia 10 ya uzito wake, na maji hayo yameshikwa ndani ya kuta za nyuzi; hayawi barafu kama ya gilasi. Mbao iliyolowa ndiyo hatari. Vingine visiingie friza kabisa: picha za rangi ya mafuta, vioo, pembe za ndovu, nta, na ngoma ambayo ngozi yake bado imekazwa, kwa sababu ngozi na mbao havisinyai kwa kiwango kimoja. Nguo na manyoya hayana shida.

Kwa vile visivyostahimili baridi kuna kunyimwa oksijeni. Hapa hesabu haikwepeki. Tuseme mfuko una ujazo wa lita 150 na kinyago kinachukua lita 50. Hewa iliyobaki ni lita 100, na asilimia 21 yake, yaani lita 21, ni oksijeni. Kipakiti cha unga wa chuma kinachofyonza lita 2 kitahitajika mara 11, nami ningeongeza vitano kwa ajili ya uvujaji. Mfuko wa polithini haufai kwa kazi hii, kwa kuwa oksijeni hupenya humo hata kama haujatoboka. Inatakiwa plastiki ya tabaka nyingi yenye alumini au EVOH (plastiki isiyopitisha oksijeni kirahisi). Panga kila kitu kwanza, pamoja na pakiti ya silika (chembe za kudhibiti unyevu) iliyosawazishwa kwenye unyevu wa asilimia 50 au 55 na kidonge cha kuonyesha oksijeni, na vipakiti vya chuma vifunguliwe mwisho. Vinaanza kazi vikiona hewa, vinapata moto na kutoa unyevu, kwa hiyo visigusane na kitu. Ziba kwa joto mistari miwili sambamba, ukitazama mikunjo: mkunjo mmoja ndani ya mshono ndio mlango wa hewa.

Kidonge kikibadilika kutoka bluu kuwa pinki, oksijeni imeshuka hadi asilimia 0.1 hivi, na siku zianze kuhesabiwa: wiki tatu kwa joto la nyuzi 25. Chumba kikiwa baridi, ongeza wiki. Mdudu asiye na oksijeni huacha vitundu vyake vya kupumulia wazi na kukauka, hivyo joto humharakisha na unyevu mwingi humrefushia maisha. Kama kitu kina rangi ya bluu iliyokolea iitwayo bluu ya Prussia, tafuta njia nyingine, kwani hupauka bila oksijeni.

Ukimaliza tiba yoyote, ondoa unga na maganda yote. Usipofanya hivyo, mwakani utarudi kwenye swali lile lile la unga mpya au wa zamani.

Rafu ya chini iwe sentimita 15 kutoka sakafuni, ili ufagio na tochi vipite. Mitego ya gundi iwekwe sakafuni kandokando ya ukuta, pembeni na karibu na milango, kila mmoja una namba kwenye ramani ya chumba, ukaguliwe kila mwezi. Mtego wenye harufu ya nondo jike hukamata madume tu. Hauwezi kumaliza nondo, unakujulisha tu kwamba wapo. Nondo kumi kwenye mtego wa mlangoni wananitisha kidogo kuliko mabuu wawili kando ya rafu, kwa sababu buu haruki: chakula chake kiko hatua chache kutoka aliponaswa. Buibui wakiongezeka, kuna kitu wanachokula.

Kila kinachoingia, pamoja na maboksi ya kadibodi na chaga za mbao za kubebea mizigo, kipite chumba cha karantini. Na mtego uliokutwa mtupu uandikwe sufuri na tarehe yake, kwa sababu nafasi iliyoachwa wazi kwenye daftari haisemi kama hapakuwa na wadudu au hapakuwa na mkaguzi.