Basi la shule kuwa nyumba ya safari: giaboksi ipi ikae nyuma ya Cummins 5.9

Gari ni basi la shule la Kimarekani: injini Cummins 6BT ya lita 5.9 yenye pampu isiyo na umeme, giaboksi ya otomatiki Allison AT545, difu 5.29 (shafti inazunguka mara 5.29 kwa mzunguko mmoja wa tairi), tairi saizi 11R22.5. Kazi ya makabati imesimama kwa makusudi. Usifunge samani kabla ya kujua sakafu itafunguliwa wapi.

AT545 ina gia nne, ya mwisho ni 1.00, yaani shafti inatoka kwa raundi zilezile zilizoingia. Kasoro yake si uchache wa gia. Konveta yake, kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi, haina klachi ya kujifunga, kwa hiyo hata kwenye gia ya nne nguvu inapita kwenye mafuta, na sehemu yake inageuka joto. Kwa basi la kuzungusha watoto mtaani hilo linavumilika. Jaza matangi ya maji, betri na vitanda, upande mlima mrefu, na mafuta yataungua. Kwenye mteremko nako injini haishikilii gari vizuri. Breki ndizo zinazoumia.

Anayebaki nayo aongeze kipozeo kikubwa chenye feni, na sensa ya joto aifunge kwenye hosi inayotoka giaboksi kwenda kwenye kipozeo. Ile inayorudi imeshapoa, itakudanganya. Mafuta yanayotoka kwenye konveta yasizidi 149°C, na ya kwenye sampu (bakuli la mafuta chini ya giaboksi) yasizidi 121°C.

Kabla ya kununua chochote, piga hesabu ya raundi. Weka alama ya chaki kwenye tairi, sukuma gari mzunguko mmoja, pima: 11R22.5 hutembea kama mita 3.2. Kwa kilomita 90 kwa saa, difu 5.29 na gia ya 1.00, injini inazunguka karibu 2,480 kwa dakika, bila kuhesabu kuteleza kwa konveta. Difu 4.44 inashusha hadi 2,080.

Allison MT643 nayo ina gia nne na ya mwisho ni 1.00, ila konveta hujifunga kwenye gia za juu. Wengi hukosea hapa: wakishaifunga hutarajia kasi ya juu, kumbe faida yake ni kuondoa kuteleza na joto. Kasi utaitoa kwenye difu. Inaendeshwa kwa haidroliki, kwa hiyo inaelewana na pampu ya zamani.

Allison 2000 inavutia: gia ya tano ni 0.71, na matoleo ya kuanzia 2006 yana ya sita. Kwa difu 5.29 raundi zinashuka hadi 1,760, pazuri kwa 5.9. Lakini inahitaji kompyuta yake, waya zake na sensa ya pedali ya mafuta, vitu ambavyo injini hii haina. Ukiipata bila kompyuta, umenunua chuma. Na ukiiunganisha na difu 4.44 raundi zinaanguka chini ya 1,500. Mlima mdogo tu itashusha gia.

Gia za mkono ni imara na zinashikilia mteremko, ila utatafuta flaiwili, klachi, pedali na kutoboa sakafu.

Uamuzi: MT643, kisha difu 4.44.

Ya kupima kabla ya kulipa: hauzingi ya nyuma ya injini. SAE 2 na SAE 3, saizi mbili za hauzingi, zote zina matundu 12, hivyo kuhesabu hakusaidii. Pima kipenyo cha duara la bolti, 466.7 mm kwa SAE 2, 428.6 mm kwa SAE 3. MT643 ni ndefu zaidi, kwa hiyo propela shafti ikatwe na kubalansiwa upya. Kama handibreki ni ya dramu nyuma ya giaboksi, hakikisha mpya inakuja na yake, maana AT545 na MT643 hazina P, nafasi ya kuegesha.

Wakati wa kufunga, pima mchezo wa kreki shafti ya injini mbele na nyuma, kabla na baada. Ukipungua, konveta inasukuma kreki na beringi ya thrasti, inayozuia kreki isisogee mbele na nyuma, itakufa mapema. Fungua, rekebisha shimu (vipande vyembamba vya kurekebisha nafasi). Vipozeo na hosi za zamani visirudishwe bila kusafishwa, kwani unga wa klachi uliobaki humo huingia moja kwa moja kwenye giaboksi mpya.